Taa Juu ya Mguu wa Mama

Baba yangu, Usta Metwalli, yaani Fundi Metwalli, hana kipimajoto nyumbani wala kazini, na ukimletea atakuuliza kwani umemwona ana homa. Kazi yetu ni kuangua vifaranga katika matanuri ya udongo, kazi ya babu na ya babu yake babu, na joto la yai tunalipima kwa kope. Unaliokota yai kwenye mabua, unafumba jicho, unaligusisha pale juu ya kope. Ngozi ya pale haidanganyi. Likizidi moto utajua, likipoa utajua. Mtu akishindwa kupima kwa kope, sisi humshauri akauze nyanya.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba aliyemfanyia mama lile jambo hakuwa mjinga. Wanawake wa mtaa wetu walimwita mjinga, na mmoja wao nilimjibu pale pale sokoni, mbele ya mizani, mpaka akasahau alichokuja kununua.

Mama ana kisukari tangu mimi nikiwa msichana wa shule. Majira ya baridi yaliyopita alipata kidonda chini ya mguu wa kushoto, karibu na kidole kidogo, na hakumwambia mtu. Nilikigundua wakati nafua, nilipoona doa kwenye soksi. Nikamuuliza, akasema ni hina. Hina gani hiyo ya mguu mmoja? Nikamkalisha kitako nikamvua soksi kwa nguvu, na pale nikaona shimo linaloweza kumeza punje ya ful, yale maharage makubwa tunayokula asubuhi.

Hospitali ya mji wa Tanta walimsafisha, wakambadilishia dawa za sukari, kisha wakatamka neno ambalo kwetu si geni: kisipofunga, mguu utakatwa. Bibi yangu mzaa mama alikatwa mguu chini ya goti. Miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye kochi karibu na mlango, sahani ikiwekwa mapajani, na kila aliyeingia alimsalimia akapita zake. Aliyemwosha na kumgeuza alikuwa mama. Kwa hiyo daktari alipolitamka lile neno, mama hakulia. Alitafuta kiatu chake chini ya kitanda akasema twendeni, mayai yatageuzwa na nani.

Maana hiyo ndiyo kazi yake. Matanuri yetu ni vyumba vidogo vya duara, na mlango wa kila kimoja ni tundu la kupenya kwa kutambaa. Mayai hutandazwa sakafuni. Anayeingia huingia peku, anatafuta kwa vidole pa kukanyaga, anainama na kuyageuza kwa mikono, safu baada ya safu. Mama ana miguu midogo kuliko sisi sote, na baba hupenda kuwaambia wageni kwamba mkewe anaweza kupita juu ya mayai na yai lisijue.

Daktari wa Tanta akatuelekeza kwa Daktari Nihal, mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye kliniki yake iko hapa mjini kwetu juu ya duka la mbolea. Ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa, na hacheki ovyo. Baba ndiye aliyetupeleka kwa pikapu, na alipojaribu kufunga mlango wa kliniki, Nihal akaona jinsi mkono wake unavyokataa kupanda. Bega lile lilikuwa limeganda tangu kiangazi. Akamwambia akae, naye atatibiwa.

Alimlaza chini ya taa nyekundu yenye shingo ndefu. Baba akaitazama akacheka, akasema kumbe amekuja mjini kulazwa chini ya taa ya vifaranga. Na kweli zinafanana, kwa sababu vifaranga wetu wakishatoka tunawaning'inizia taa kama ile wasife kwa baridi. Nihal akamweleza kwamba ni mwanga wa infraredi, ambao mwingi wake jicho halioni. Joto lake linazama kidogo ndani ya ngozi, msuli unalegea, damu inatembea, maumivu yanapungua kwa muda. Halafu akamweleza kwamba kitakacholifungua bega hasa ni mazoezi. Baba alisikiliza nusu ya kwanza.

Kwa mama alitoa kitu kingine kabisa. Kilikuwa kama mshipi mpana wenye vitaa vingi vidogo ndani yake, vingine vikiwaka wekundu hafifu na vingine huoni kama vinawaka. Alikizungusha karibu na kidonda bila kukigusa. Hakikuwa na joto la maana. Nihal hakutupa ahadi. Alisema mwanga wa namna hii umeonekana kuwasaidia baadhi ya wagonjwa, nyama ikaziba upesi zaidi, na wengine haukuwafanyia kitu. Alisema mwanga ni msaidizi tu. Mafundi wenyewe ni usafi wa kidonda, sukari kushuka, na mama kuacha kuukanyagia ule mguu. Akampiga marufuku kuingia tanurini.

Kisha akasema neno moja akitutazama wote watatu, kila mmoja kwa zamu yake. Mguu huu usiwekwe joto la aina yoyote, si maji ya moto, si chupa, si taa. Mguu wa mtu wa sukari unaweza kuungua na mwenyewe asijue. Akamuuliza mama kama nyayo zake bado zinahisi. Mama akasema zinahisi vizuri sana, hata soksi zikiwa mpya zinamtekenya. Nihal akamtazama kidogo, akasema siku nyingine watapima kwa utulivu, maana nje kulikuwa na foleni.

Bega la baba lilipona. Sijui niseme nini, lilipona. Kila baada ya siku chache alikwenda kulala chini ya taa, na nyumbani nilimsimamia afanye yale mazoezi ya kutambaza vidole ukutani huku akinitukana kwa upole. Asubuhi moja aliufikia mkebe wa chai juu ya rafu bila kupanda kigoda. Aliuteremsha, akaurudisha, akauteremsha tena, akamwita jirani aje aone. Kuanzia siku hiyo tukawa na daktari ndani ya nyumba.

Kidonda cha mama nacho kilikuwa kinapungua, lakini kwa mwendo wa konokono, na baba alikuwa hana subira. Alianza kusema kwamba kuna upendeleo. Alisema yeye amepewa joto na mkewe amepewa rangi. Mwanga usio na joto, kwake, ulikuwa kama mwaliko usio na chakula.

Akaichukua taa ya vifaranga, akaifunga kwa mnyororo juu ya benchi katika chumba kilicho mbele ya matanuri, akatandika mabua na blanketi, akamwambia mama alale, auweke mguu pale. Nilipoona nilipandwa na hasira. Nilimkumbusha maneno ya Nihal, moja baada ya jingine. Hakunipandishia sauti. Alisema marufuku ile ni ya watu wasiojua kupima.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifikiria. Aliweka yai kwenye mabua, ubavuni mwa mguu wa mama. Kila baada ya muda aliliokota, akafumba jicho, akaligusisha kwenye kope. Likizidi moto, anaipandisha taa pingili moja ya mnyororo. Likipoa, anaishusha. Hoja yake ilikuwa kwamba joto lisiloua kiumbe ndani ya yai haliwezi kumdhuru mwanamke mzima. Na zaidi ya yai alikuwa na kipimo cha pili, mama mwenyewe.

"Unasikia joto, mama Rawya?"

"Nasikia, Usta. Linanikolea mpaka kwenye mfupa."

Nikamgeukia mama. Alinikata jicho, akasema mguu ni wake. Nikarudi jikoni, maana mama akisema hivyo hata mwezini wamemsikia.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jioni mama analala chini ya taa, na baba anaingia tanurini kugeuza safu ambazo zilikuwa za mama. Akitoka anaokota yai, anapima, anauliza, anajibiwa, anarudi ndani. Mimi nilikuwa naangalia kutoka jikoni, na nikiri tu kwamba walikuwa wanapendeza. Baba hajawahi kumletea mama ua wala pete baada ya ile ya ndoa, lakini taa ile aliifuta vumbi kila siku. Na Nihal alipopima kidonda akasema kinazidi kufunga, baba alitazama dari kama mtu asiyetaka kujisifu.

Kisha ikaja asubuhi ya kubadilisha bendeji. Mama alikuwa ameketi kitandani anakunywa chai, na mimi nimepiga magoti. Nilipofungua, kidonda cha chini kilikuwa kama jana. Lakini juu ya mguu, kuanzia kwenye vidole hadi katikati, ngozi ilikuwa imevimba lengelenge moja kubwa, na mahali pengine imekuwa nyeupe kama ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Nikamuuliza kama panauma. Akasema kidogo. Nikagusa pale peupe, nikabonyeza, huku namtazama usoni. Aliendelea kunywa chai yake.

Nikamwita baba. Alikwenda moja kwa moja kwenye taa, akahesabu pingili za mnyororo, akaiwasha, akaweka yai, akasubiri, akapima kwa jicho la kulia na kwa jicho la kushoto. Njia nzima hadi kliniki, mikono kwenye usukani, alikuwa anarudia jambo moja tu: yai lilikuwa sawa, Rawya, wallahi yai lilikuwa sawa. Nilimwambia anyamaze. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia baba anyamaze, na alinyamaza.

Nihal aliusafisha mguu. Alipomaliza aliuliza taa ilikuwa umbali gani na muda gani, baba akajibu kila kitu kwa ukweli, mpaka habari za yai. Alidhani atachekwa. Nihal hakucheka. Alisema yai linageuzwa na mguu haugeuzwi, na kwamba mguu wenye damu nzima huliondoa joto, huu wa mama hauwezi. Hata hivyo, akasema, kwa umbali huo alioutaja baba, yeye hategemei kuona jeraha kubwa kiasi hiki. Kuna kitu hakikai sawa.

Akavuta kiti, akatoa kijiti chenye uzi mgumu mfano wa ule wa kuvulia samaki. Akasema kipimo hiki alipaswa kukifanya siku ya kwanza, na hilo ni kosa lake. Akamwambia mama afumbe macho, na kila atakapoguswa aseme ndiyo.

Baba alisimama ukutani, mimi karibu na mlango. Nihal aligusa kidole gumba mpaka uzi ukapinda. Mama kimya. Akagusa kisigino. Kimya. Akagusa katikati ya unyayo, akagusa mguu wa kulia, kote kimya. Mama alikuwa amekunja uso kama mtoto wa madrasa anayetafuta aya aliyoisahau. Kisha Nihal akaurudisha mkono wake, akaweka kile kijiti mapajani, akakaa tu.

"Ndiyo," mama akasema.

Hakuna aliyemgusa.

"Ndiyo," akasema tena, na safari hii alitabasamu kidogo, kana kwamba sasa amepatia.

Nilitaka kumzuia, Nihal akanipa ishara nimwache. Baba alikuwa anakitazama kile kijiti kwenye mapaja ya daktari, halafu uso wa mama, halafu kijiti. Nimemwona baba akipoteza tanuri zima kwa usiku mmoja wa baridi, mayai yote yakaharibika, na hakuwa na uso kama ule.

"Mama Rawya," akasema, "fumbua macho."

Mama akafumbua, akaona mikono ya daktari ilipo, akaelewa. Akaanza kujifunga kitambaa chake cha kichwa upya ingawa kilikuwa hakijafunguka.

Baba akamuuliza taratibu sana: siku zote zile alipokuwa anamuuliza kama anasikia joto, yeye alikuwa anasikia nini. Mama akasema hakuwa anasikia kitu. Tangu lini? Akasema tangu mwaka juzi, au nyuma ya hapo, hakumbuki. Ganzi ilianzia vidoleni ikapanda. Tanurini alikuwa anakanyaga kwa macho.

"Sasa kwa nini uliniambia unasikia?"

"Ulikuwa unauliza kwa raha, Usta. Ningekujibuje?"

Mama akaendelea, na sasa alikuwa anazungumza na mguu wake, si na sisi. Alisema baba akishaingia tanurini, yeye alikuwa analisogeza yai pembeni, mbali na taa, na kuishusha taa pingili moja, mbili, tatu. Akisikia baba anatambaa kutoka, anairudisha taa na yai mahali pake.

"Nilisema labda likizidi litafika," akasema. "Nilitaka lifike mara moja tu, nisiwe nakudanganya."

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilikuwa na hotuba nzima ya kumsomea mama juu ya hilo. Sikuisoma. Nilitoka nje kwenye ngazi nikalia pale juu ya harufu ya mbolea, kwa sababu nilijua sasa alichokuwa anakiogopa, na hakikuwa kisu. Mguu usiohisi hautaingia tena tanurini. Na mwanamke asiyeingia tanurini, katika nyumba yetu, anaishia kwenye kochi karibu na mlango. Nilimsikia kupitia mlangoni akilisema hilo kwa kinywa chake: mtaniweka kama mama yangu, mtu apite, anisalimie, aende.

Nihal akamwambia kwamba ana dawa za kuungua, ana mshipi wake wa mwanga ambao ataurudisha jeraha likishatulia, na hospitali wana wapasuaji wazuri. Kitu asichonacho ni ukweli wa mgonjwa, na bila huo hawezi kuuokoa mguu huu wala ule wa kulia.

Tanta walimkata kidole kidogo. Kidole tu. Kwa wiki nyingi hatukujua kama kitaishia hapo, na baba aliacha kwenda kwenye taa ya bega, ambayo alikuwa bado anaifuata mara moja moja, akasema hana haki. Nihal alimfuata kwa simu, akamwambia bega halina kosa. Mshipi ulirudishwa, baridi vile vile, na baba alikaa kando yake akiutazama bila kuusema vibaya. Jeraha la juu likafunga kwanza, kisha kile kidonda cha zamani. Kama ni mwanga, au usafi, au ni kwamba mama alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Nihal mwenyewe hakukubali kuapia. Alisema vyote vimechangia, na kipi zaidi hajui.

Kazi yake mama hakurudishiwa. Baba alimwekea kiti mbele ya tundu la tanuri, akawa anampitishia mayai machache ya kila safu ayapime kwa kope, ili aseme tanuri lipi liongezwe moto. Usidhani alifurahi. Alisema kile kiti ni kochi lililopunguzwa miguu, na kwa siku nzima alipima mayai bila kuongea na mtu. Siku iliyofuata alimwambia baba kwamba tanuri la pili linapoa na kwamba yeye, baba, anazeeka kope. Wakagombana mpaka adhuhuri. Nilishukuru Mungu kusikia ugomvi.

Siku ya sikukuu ya kunusa upepo, watu wote wanapokwenda mashambani na mayai ya rangi na samaki wa chumvi, mama alisema naye anakwenda. Baba akamkalisha kwenye benchi. Alipitisha mkono ndani ya viatu vyake, akakung'uta, akapitisha tena kuona kama kuna kokoto. Akatoa soksi nyeupe, kwa sababu nyeupe ndizo alizoagiza Nihal, damu ikitoka ionekane. Akaushika mguu wa kushoto, ule wenye vidole vinne, akaanza kuvuta soksi polepole kupita kwenye kovu. Nilijua swali limemfika kwenye ulimi kwa mazoea, nikamwona akilimeza.

Mama pia alimwona.

"Sisikii kitu, Usta," akasema. "Hata mkono wako sisikii."

Baba aliinyoosha soksi mpaka kisigino kikakaa sawa.

"Najua," akasema. "Lete wa pili."